Kutoka Vuga Hadi Wete: Safari ya Kuzifuata Nyumba za Sinema

Ijumaa, Vuga

Baada ya sala ya Ijumaa nilivuka Mnazi Mmoja kwa miguu kutoka Kikwajuni, nikaingia barabara ya Vuga kwenda kuiangalia Majestic, jumba la zamani la sinema. Nimepita pale tangu niko skuli bila kugeuza shingo. Safari hii nilikwenda na daftari, na swali alilonitia kichwani shangazi yangu anayekaa Dar es Salaam. Aliniuliza kwa simu: "Sisi huku tulikuwa na sinema ya kuingia na gari. Nyie Unguja mbona hamkuwa nayo, na mji wenu ndio uliotangulia ustaarabu?" Alinichokoza tu, lakini swali likaniganda.

Uso wa mbele wa Majestic bado umesimama, umenyooka, na mistari yake ya kwenda juu, mtindo wa majengo ya kisasa ya zama zile. Ndani hali ni nyingine. Paa limekwisha, jua linapiga pale walipokuwa wanakaa watu, na majani yameota yanavyotaka.

Kabla ya Majestic pahala hapo palikuwa na jumba jengine, Royal, lililofunguliwa mwaka 1921. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara Hassanali Adamji Jariwalla, na ramani ilichorwa na Mwingereza J. H. Sinclair, huyo huyo aliyechora Mahakama Kuu ya hapo hapo Vuga na jumba la makumbusho la Beit el Amani. Kwa hiyo hakimu, makumbusho na sinema vilitoka kwenye kalamu moja, na mtu mwenye miguu mizuri huvizungukia vyote kabla kikombe cha kahawa hakijapoa. Royal iliteketea kwa moto katika miaka ya 1950. Mwaka 1955 ikasimama Majestic, safari hii kwa mkono wa Dayalji Pitamber Sachania, na hiyo ndiyo tunayoiona inakufa.

Kwenye baraza la jirani nilimkuta mzee aliyefanya kazi katika chumba cha mashine ujanani mwake. Jina lake ameniomba nisilitaje. Nilimwamkia, akaniuliza mimi mtoto wa nani, nikamtajia babu yangu, ndipo akasogea nikakaa. Alipojua ninachokitafuta alimtuma mjukuu ndani, akarudi na kikopo cha maziwa ya unga. Ndani ya kikopo mlikuwa na vipande vya makaa meusi, vyembamba, virefu kiasi cha kidole. Vingine vimechongoka, vingine vimeliwa ncha.

"Hii ndiyo taa yetu," akasema. "Siyo globu. Unaweka kijiti hiki huku na hiki huku, unavigusanisha, unaviachanisha kidogo, umeme unaruka. Mwanga wake ukiutazama kwa jicho tupu unaungua."

Akavishika viwili mkononi na kunionyesha. Vijiti huliwa taratibu kama udi chetezoni, na nafasi ya katikati inazidi kupanuka. Ikipanuka sana taa inazimika. Kwa hiyo mpiga mashine hana ruhusa ya kusinzia, kila baada ya muda azungushe kifundo kuvisogeza. Watu wa chini hawajui kitu, wanamtazama Nargis, nyota wa picha za Kihindi, analia. Picha ikiingia kiza kidogo wanaanza miruzi, na yule wa juu anajua anaitwa yeye.

Kazi ya pili ilikuwa kubadilisha mikanda. Mkanda wa futi elfu moja hautimizi hata dakika 12. Picha ya Kihindi ya saa tatu ni mikanda 16 na ushei. Mashine zilikuwa mbili, na juu kwenye pembe ya kulia ya picha hutokea alama ndogo ya duara, mara moja halafu mara ya pili. Ya kwanza unawasha mota ya mashine nyengine, ya pili unafungua huku na kufunga kule. Ukifanya sawasawa hakuna anayejua. "Kazi yetu ilikuwa nzuri pale ambapo hakuna aliyeiona," mzee akasema, akafunga kikopo chake.

Nilimuuliza pia juu ya baiskeli, maana nimesikia tangu utotoni. Akacheka mpaka akakohoa. Kweli, picha ikiwa mpya na nakala ni moja, nyumba mbili za sinema zilipokezana. Huku wanaanza mapema, kule wanachelewa nusu saa, na kijana wa baiskeli anabeba mikanda iliyokwisha kutoka Vuga mpaka upande wa Darajani. Tairi likipasuka njiani, ukumbi mzima unakaa gizani unasubiri. Wengine waliimba nyimbo za kwenye picha wenyewe hadi mkanda ufike.

Jumamosi, Darajani na Malindi

Asubuhi nilikwenda kununua samaki, nikaona nimalize na shughuli yangu. Empire ilikuwa upande wa Darajani. Leo ndani yake ni biashara ya duka, na anayeingia kununua sabuni hana habari kama anakanyaga pahala palipokuwa na viti vya mbele, vile vya bei rahisi ambavyo ukikaa shingo inakuuma siku mbili.

Cine Afrique ni habari ndefu zaidi. Ilifunguliwa ikiitwa Sultana. Baada ya Mapinduzi ya 1964 jina la kisultani halikuweza kukaa mlangoni, likabadilishwa. Nyumba za sinema nazo zikaingia mikononi mwa serikali. Hiyo ndiyo iliyodumu kuliko wenzake, na watu wa rika langu wenye kumbukumbu yoyote ya kukata tiketi dirishani wanaitaja yeye. Halafu nayo ikafungwa, ikakaa na kunyeshewa, na mwisho nyuma ya ule ukuta wake wa mbele yakajengwa maduka. Kuna waliopigia kelele jambo hilo, maana Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000 na kugusa jengo kuna taratibu zake. Mimi nina maoni yangu. Ukuta wa mbele uliobakishwa peke yake ni kanzu iliyotundikwa msumarini. Lakini niseme ukweli, ingebaki nzima bila ya watu wa kuingia ndani, ingekuwa Majestic ya pili.

Kwa nini watu waliacha kwenda? Niliwauliza watu watatu pale Malindi nikapata majibu matatu, na yote yana haki. Mmoja alisema ni televisheni. Zanzibar tulianza kuwa na televisheni ya rangi mwaka 1973, wakati bara walikaa hadi 1994 ndipo wakapata kituo chao cha kwanza. Miaka ishirini na zaidi tulikuwa tunawatambia, na miaka hiyo hiyo tulikuwa tunajifunza kuangalia picha tukiwa tumejinyoosha kwenye mkeka nyumbani. Wa pili alisema ni fedha za kigeni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 hali ilikuwa ngumu, foleni ya mchele na sukari, sembuse mikanda ya filamu. Ikaletwa ile ile iliyochakaa, imejaa michirizi ya mvua, watu wameshaijua kwa moyo mpaka steringi hajafungua mdomo wanamjibia. Wa tatu, mama mmoja muuza vitambaa, alisema kwa mkato: "Deki." Katika miaka ya 1980 jamaa waliokuwa Maskati na Dubai walianza kuja na deki na kanda za video, na picha iliyotoka Bombay ilifika sebuleni kabla haijafika sinema. Mwenye deki alikuwa mtu mkubwa mtaani. Wengine walifungua milango ya ukumbini kwao, wakatoza kiingilio.

Jioni nilipita Ngome Kongwe. Hapo ndipo linapofanyika Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi, lililoanzishwa 1997 na kufanya maonyesho yake ya kwanza mwaka uliofuata. Watu wanakaa kwenye ngazi za mawe chini ya nyota, na picha zinatoka Afrika, Bara Hindi na kwengineko kwenye bahari yetu. Nimeona picha nzuri pale ambazo sitoziona pengine. Lakini tamasha ni harusi, huja mara moja kwa mwaka na kuondoka na watu wake. Sinema ilikuwa chakula cha kila wiki.

Usiku nikamalizia Jaws Corner, Sokomuhogo, kwa kahawa chungu na kashata. Wageni huuliza jina limetoka wapi, na jibu ni ile picha ya Marekani ya 1975 ya papa mla watu. Barza la siasa, dhumna na kahawa limepewa jina la sinema, na hakuna anayeona ajabu. Televisheni ilikuwa imewashwa, mpira wa Uingereza, na kichochoro kimejaa vijana waliosimama, waliokaa, waliopanda ngazi za nyumba za watu. Nilihesabu viti vichache sana.

Jumapili, nyumbani kwa bibi mmoja Malindi

Hii ndiyo siku niliyoitaka. Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya picha ya Kihindi, na kwa wanawake wa Unguja ndiyo siku ya kutoka. Rafiki yangu alinipeleka kwa bibi yake mdogo, mwanamke wa miaka zaidi ya themanini, mwenye sauti ya mtu wa kuamrisha jikoni. Alitupikia urojo yeye mwenyewe, akakataa kusaidiwa.

"Tulikuwa hatuendi kuangalia picha," alianza. Akaacha maneno yakae kidogo ili nishtuke. "Tulikuwa tunaangaliwa."

Akaeleza Jumapili ilivyokuwa. Tiketi zilitafutwa mapema, maana picha ya Raj Kapoor ikija, vijana walikata tiketi rundo kwa rundo wakazilangua nje kwa bei juu. Kaka yake alikuwa mmoja wao, na ndiye aliyewahakikishia viti. Asubuhi kupika na kumaliza. Adhuhuri kuoga, kujifukiza, kuvaa. Nguo ilikuwa imeshonwa kwa ajili ya siku hiyo, na fundi alipewa maelezo ya mikono na shingo kama alivyovaa yule dada kwenye picha ya wiki iliyopita. Juu yake buibui. Halafu wanatoka, mashoga, wakwe, wadogo, watoto wa jirani, wanashuka vichochoro kwa pamoja, na kwenye kila baraza wanasalimiana na watu. Yalikuwapo pia maonyesho ya wanawake peke yao, na huko ndiko buibui zilikoanguka mabegani na manukato yakajaa ukumbi mpaka mpokea tiketi anapiga chafya mlangoni.

"Ukiingia ndani taa zimezimwa, hakuna anayekuona. Utamu wote ulikuwa kwenda na kurudi. Kurudi ndiko tulikokuwa tunalia. Ndani tulikuwa tunajizuia."

Nilimuuliza juu ya Awara, ile picha ya Kihindi ya mwaka 1951. Akaimba, tena Kihindi, bila kujua maana ya neno hata moja. Hilo halikumzuia kujua mtoto alivyokosana na baba yake hakimu, na alikuwa na lake la kumwambia yule hakimu. Akanikumbusha pia kwamba kabla ya Wahindi kushika soko walikuwepo Wamisri, na picha za kina Umm Kulthum na Abdel Wahab zilipendwa sana na watu wa taarabu. Sauti za Kihindi nazo hazikubaki ukumbini. Waliokwenda sinema Jumapili walikuwa wanaipigia firimbi Jumatatu, na baada ya miezi sauti ile ile ikawa imetiwa maneno ya Kiswahili kwenye harusi. Mtunzi makini hakuona haya. Mwimbaji hakuona haya. Sisi tunaona haya leo, sijui kwa nini.

Ndipo nikamtolea swali la shangazi. Kwa nini hapakuwa na sinema ya kuingia na gari?

Nimejisomea kidogo habari hizo. Ya mwanzo duniani ilifunguliwa na Richard Hollingshead huko New Jersey, Marekani, mwaka 1933. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 Wamarekani walikuwa nazo zaidi ya 4,000. Mtu anaingia na gari lake, analiegesha mbele ya ukuta mkubwa mweupe, anatundika spika dirishani, watoto wamevaa nguo za kulalia nyuma. Zilikufa huko kwa sababu ambazo hata mtu wa Darajani angezielewa. Kiwanja kikubwa kama kile kinatumika usiku tu, mji ukikifikia, thamani ya ardhi inaishinda thamani ya tiketi. Dar walifungua ya kwao mwaka 1966, upande wa Msasani, wakati Tanzania inaelekea Azimio la Arusha na mtu mwenye gari anaanza kuangaliwa jicho la pembeni. Shangazi anasema wasiokuwa na gari nao walikwenda. Baada ya ubalozi wa Marekani kulipuliwa Agosti 1998, ubalozi mpya ulijengwa kwenye eneo hilo. Kwa hiyo pale watu walipokwenda kuangalia picha za Marekani bila viza, sasa wanakwenda kuomba viza. Haya si maneno yangu, ni ya shangazi.

Bibi alinisikiliza huku anachambua bajia. Kisha akasema: "Sasa mtu ashone nguo, ajifukize, halafu akajifungie ndani ya gari? Nani atamuona?"

Nimeliandika hilo kwa herufi kubwa kwenye daftari. Kuna sababu nyengine, bila shaka. Magari ya watu binafsi yalikuwa machache, na mji wenyewe gari haliingii, hata baiskeli inapiga kengele kila kona. Lakini nadhani bibi ameshika jambo lenyewe. Sinema ya Unguja ilikuwa ya miguu. Ukumbi ulikuwa kituo tu, na njia ndiyo iliyokuwa onyesho. Siku watu walipoacha kutembea kwenda, kuta zilikuwa zimeshakufa hata kabla ya paa kuanguka. Ndiyo maana mipango ya kuifufua Majestic, nami naiombea heri, itafika mbali ikiwafikiria pia akina mama wa Jumapili, pamoja na saruji.

Jumatatu, baharini

Boti ya Pemba ilichelewa kuondoka, hakuna aliyetuambia kwa nini, na mtoto aliyekaa mbele yangu alitapika kabla hatujaipita Nungwi. Tulifika Mkoani jua linaelekea kuzama. Harufu ya karafuu inakupokea bandarini kabla ya mchukuzi. Nikapanda daladala la Chake, nikalala kwa jamaa.

Jumanne, Chake Chake

Sikuwa na mengi ya kuona. Chake na Wete ilikuwa na nyumba ya sinema kila mji, na Chake niliwapata watu wa kunionyesha tu kwa kidole, huku wakibishana wenyewe kwa wenyewe ni ukuta upi hasa. Niliona ni adabu kuwaachia ubishi wao.

Kilichonifaidisha ni mazungumzo na ami mmoja kutoka kijijini, aliyekuja mjini kufuata malipo yake ya karafuu. Yeye hakuwahi kukata tiketi ya sinema maisha yake yote, na ameona picha nyingi. Wakati wa Mwingereza, gari la serikali lilikuwa likija mashamba na mashine yake na genereta, linafunga kitambaa cheupe baina ya minazi miwili. Picha zenyewe zilikuwa za mafunzo, choo safi na mbu na namna ya kutunza minazi. Watu wakivumilia mbu wa kwenye kitambaa huku wanaumwa na wa kweli, kwa sababu mwisho kilitiwa kipande cha kuchekesha. Kitambaa kinapitisha mwanga, kwa hiyo wengine walikaa upande wa nyuma.

"Kule nyuma kila mtu anatumia mkono wa kushoto," ami akasema. "Mpaka tukadhani Wazungu wote mashoto."

Umeme kwa Pemba ni sehemu ya historia hii ambayo watu wa Unguja tunaisahau. Sisi tuliunganishwa na bara kwa waya wa chini ya bahari tangu 1980. Wapemba walikaa na majenereta mpaka 2010 ndipo waya ukatoka upande wa Tanga. Kwa hiyo wakati wa deki na vibanda vya video, mwenye kibanda Pemba ilimbidi ahesabu na mafuta. Mafuta yakiisha kabla ya steringi kulipiza kisasi, ni fujo. Unguja tulionja hali hiyo mwaka 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 kwa miezi mitatu, waya ulipoleta matatizo na mji mzima ukaingia gizani. Nakumbuka kipindi kile watu walirudi barazani kusimuliana. Simulizi za picha zilikuwa nyingi kuliko za siasa.

Jumatano, Wete

Daladala liliniteremsha karibu na soko. Wete ni mji wa karafuu, na katika msimu huu hakuna sakafu iliyo tupu. Kila uwanja una jamvi, na kila jamvi lina karafuu zinazogeuka kutoka kijani kuwa kahawia. Kijana anapita na reki ya mti anazipindua, na ukikanyaga ukingo wa jamvi unatukanwa kwa heshima.

Mwenyeji wangu ni mwalimu mstaafu wa skuli, tumwite Maalim. Kwake sinema na karafuu hazitenganiki. Msimu ukija, kila mkono una fedha. Wachumaji wanatoka Unguja na vijiji vya mbali, wanakaa Wete kwa wiki, na usiku hawana nyumba za kwenda. Ukumbi unajaa. Msimu ukiisha, picha ile ile inaonyeshwa kwa viti na popo. Alisema mwaka wa mavuno mabaya ulijulikana kwa mwenye sinema kabla ya kujulikana kwa mwenye mizani.

Mikanda ililetwa kwa chombo kutoka Unguja, ikiwa imeshaonyeshwa huko mpaka imechoka. Bahari ikichafuka chombo hakiji, na bango limeshabandikwa. Nilimuuliza walifanya nini. "Tulirudia ya zamani. Watu wanajua kabisa ni ya zamani. Wanaingia, wanailaumu mwanzo hadi mwisho, wanatoka wamefurahi."

Kwake pia nilisikia juu ya wasimulizi. Mtoto ambaye baba yake hakuwa na fedha alingoja kwenye mwembe asubuhi ya pili. Aliyekwenda alisimulia, na alilipwa kwa embe, kwa kashata, kwa kubebewa mkoba wa skuli. Maalim mwenyewe alikuwa msimulizi. Alinikiri kwamba picha za kupigana alizisimulia kama zilivyo, lakini za mapenzi aliziongeza. Kuna watu wazima Wete hadi leo wana kumbukumbu ya mapigano ya juu ya treni ambayo hayamo katika picha yoyote. Ukifikiri vizuri, ile kazi ya baadaye ya kina Lufufu, ya kuingiza sauti ya Kiswahili juu ya picha za kigeni na kumpa steringi maneno yake mwenyewe, haikuzuka hewani. Chini ya mwembe ilikuwa ikifanyika zamani.

Usiku Maalim hakutaka kutoka, anasema macho hayamruhusu. Nikaenda na mjukuu wake kwenye banda la mpira. Mabati, mabenchi ya mbao, televisheni tatu, kila moja na mechi yake ya Ulaya, kiingilio shilingi 500. Bandani mlikuwa na joto la kumchemsha mtu, na harufu ya karafuu imo mpaka kwenye fulana za watu, maana wengi wametoka kuchuma mchana. Mbele kabisa, sakafuni, wamekaa watoto wamenyanyua shingo. Nyuma wamesimama wakubwa. Mwenye banda ana kijiti kirefu, anamgusa nacho begani anayesimama na kuziba.

Mapumziko yalipofika, alibadilisha stesheni ya televisheni ya katikati na kutia picha ya Kihindi iliyotiwa sauti ya Kiswahili. Nilitarajia watu watoke kuvuta hewa. Waliotoka ni wachache. Waliobaki walianza kuwajibia waigizaji, mmoja akiwa upande wa adui, mwengine akimtetea mama mkwe, na mechi zilipoanza tena ikatokea kelele kwamba asibadilishe kwanza. Mwenye banda alikataa. Mpira ndio uliolipiwa. Basi vijana wawili wakaomba warejeshewe fedha zao, kwa sababu wao, wamesema mbele ya watu wote, wamelipia picha.

Hawakurejeshewa. Waliruhusiwa kuja kesho bure, mchana, kabla ya mechi.

Alhamisi, kurudi

Boti ya asubuhi kutoka Mkoani. Ndani ya behewa la chini kuna televisheni juu ya mlango, na mabaharia walitia picha ya Kihindi ya zamani. Sauti haikusikika kwa sababu ya injini. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Kengeja na mzigo wa mikeka, akaitazama dakika chache, akasema hii aliiona Chake akiwa msichana. Akaanza kusimulia, kwanza kwa binti yake, halafu kwa safu yetu, halafu watu wa safu ya nyuma wakamwambia apaze sauti. Huyu ndiye ndugu yake, ila hajui. Huyo mwenye masharubu msimwamini. Sasa hivi mvua itanyesha. Mvua ikanyesha, na watu wakamshangilia.

Tuliingia Malindi picha haijamalizika, baharia akazima, na pakatokea manung'uniko ya kweli. Mama akawaambia wasiwe na wasiwasi, mwisho wake anao. Akautoa tukiwa kwenye foleni ya mizigo, akiwa amekumbatia mikeka yake: ndugu wanatambuana kwa kovu la mkononi, adui anaanguka kutoka ghorofani, harusi mbili siku moja. Mzee mmoja aliyekuwa mbele yetu, kofia ya kiua imeinama kidogo, akageuka.

"Bi mkubwa, samahani. Haanguki ghorofani. Anapigwa risasi kwenye daraja."

"Wewe uliiona wapi?"

"Empire."

"Mimi niliiona Chake," mama akasema. "Chake alianguka ghorofani."